Wu-Tang Forever: niliipenda mpaka siku niliyoisikia yote

Kaseti90 (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu, hatugombani.

Kuna jambo nimelibeba miaka mingi na leo nalitua hapa jamvini. Mimi ni mtu wa Wu-Tang, lile kundi la rap la New York, toka damuni. Mwaka 1997 nilikuwa kidato cha pili, Temeke, na zama zile huwezi kuingia dukani ukatoka na albamu ya Wu-Tang mkononi. Unaenda kwa jamaa mwenye kibanda cha kurekodi nyimbo, unampa kaseti tupu na hela yake, unaambiwa rudi kesho kutwa. Jamaa wa kwetu alikuwa na deki mbili na CD pleya moja ambayo hata mdogo wake haruhusiwi kuigusa. Wu-Tang Forever, albamu yao ya pili, ilipomfikia, CD mbili ndani ya kasha moja, alikuwa anazishika kama mtu aliyebeba mayai.

Hela yangu ilitosha kaseti moja ya dakika 90. Albamu yenyewe ina nyimbo 27 na haiingii kwenye dakika 90 hata ukiisukuma kwa goti. Jamaa akaniangalia, akasema, "Dogo, zingine zitabaki." Nikamwambia zibaki.

Kaseti ile nimeila mpaka utepe ukawa mwembamba. Ilianza na Triumph moja kwa moja. Hakuna salamu, hakuna kiitikio, Inspectah Deck anaingia anamtaja Socrates, na wewe hujakaa sawa. Baadaye For Heavens Sake, baadaye It's Yourz, Reunited, Visionz, Impossible yenye lile beti la Ghostface la rafiki anayefia mikononi mwake. Nimegombana na watu wa Tupac pale mtaani miaka mitatu nikiitetea. Nilikuwa nasema hata 36 Chambers, albamu yao ya kwanza ya 1993, inasubiri.

Mwaka 2004 ndugu yangu akarudi toka nje na CD halisi. Nikajifungia chumbani kama mtu anayesoma barua ya posa. Diski ya kwanza, wimbo wa kwanza: Wu-Revolution. Watu wawili wanahubiri zaidi ya dakika sita. Hakuna anayechana. Nikasema sawa, ni utangulizi. Mbele yake nikakuta Maria, nayo kwenye kaseti yangu haikuwepo. Nikaenda diski ya pili, utangulizi mwingine, safari hii RZA, kiongozi wa kundi na mtengeneza biti wao, anaongea. Nikafika Black Shampoo, U-God anaimbia mambo ya kukandana mafuta. Nikafika Second Coming, anaimba mwanadada Tekitha peke yake, kisha Raekwon anafunga kwa kuongea. Nilizima redio nikakaa kimya.

Wakuu, ndipo nilipojua kwamba albamu niliyoipenda miaka saba haikutengenezwa na RZA. Ilitengenezwa na jamaa wa kibandani Temeke, kwa sababu ya ufupi wa utepe.

Hoja yangu ni hii, na mnipige mawe taratibu. Albamu ya pili ya Wu-Tang haikuharibiwa na uchanaji. Uchanaji upo, na Deck, Ghostface na GZA mle ndani wako kwenye ubora wao. Iliharibiwa na kukosa mtu wa kusema "hii hapana". Mwaka 1993 huyo mtu alikuwepo. Nenda kasikilize wimbo wa C.R.E.A.M. Kundi lina watu tisa, wanaochana mle ni wawili tu, Raekwon na Deck, Method Man anashika kiitikio. Wengine sita wamekaa kimya na hakuna aliyekufa kwa hilo. Masta Killa kwenye albamu nzima ya kwanza ana beti moja tu, lile la Da Mystery of Chessboxin'. Kwa RZA ukitaka kuingia kwenye biti unapigana na wenzako, mwenye mistari mikali ndiye anayebaki. 1997 kila mtu kapewa fungu lake, mpaka mafungu yamebaki sinia halina mlaji.

Nawasilisha.

---

Chuma cha Mwanza

Mkuu umenichekesha na kunikera kwa wakati mmoja. Yaani unailaumu albamu iliyouza nakala 612,000 wiki ya kwanza Marekani na kukaa namba moja kwenye chati ya Billboard? 36 Chambers unayoisifia haikuvuka namba 41 pale. Waliokwenda dukani Juni 1997 hawakuwa vipofu.

---

Kaseti90

Chuma, wiki ya kwanza watu wananunua albamu iliyotangulia. Walikuwa wanailipa 36 Chambers deni lake, na zile albamu za mmoja mmoja wao, Tical, na Cuban Linx, na Liquid Swords, na Ironman. Hiyo foleni ilipangwa miaka mitatu na nusu. Na ile platinamu mara nne, yaani nakala milioni nne, unayotaka kuniletea baadaye, kumbuka Wamarekani albamu ya diski mbili wanaihesabu kila diski kivyake. Gawanya kwa mbili halafu urudi.

---

Bi Mkasi

Habari zenu kaka zangu. Mimi ni mwanamke na nimo humu, msishtuke.

Kaseti90 kanena lakini kaacha nusu ya mambo. Usimlaumu RZA kama mtu aliyezubaa. Mpango wake wote ulikuwa wa miaka mitano. Mwanzoni aliwaambia wenzake wampe miaka mitano ya kumtii bila kumuuliza, naye atawafikisha juu. Ndiyo maana mkataba na kampuni ya Loud ukaandikwa kwa namna ambayo haijawahi kuonekana: kundi liko Loud, lakini kila mmoja yuko huru kwenda kampuni nyingine na kazi yake binafsi. Method Man akaenda Def Jam, Ol' Dirty Bastard Elektra, GZA Geffen, Ghostface Epic. Raekwon akabaki palepale Loud. Na karibu biti zote za hizo albamu, toka Novemba 1994 mpaka Oktoba 1996, ni mkono wa RZA mmoja, kwenye chumba chake cha chini ya nyumba. Albamu tano! Hapo katikati maji yakaingia kwenye chumba hicho yakaharibu rundo la biti, zikiwemo alizokuwa ameziweka kwa ajili ya Deck. Deck albamu yake ya kwanza imekuja kutoka 1999, wenzake wameshakula na kushiba.

Sasa huyo mtu unamkuta 1997. Miaka mitano imeisha. Waliokuwa wanamtii wakati hawana nauli, sasa kila mmoja ana mkataba, ana wakili, ana watoto, ana kundi lake dogo pembeni. Utamwambia nini Method Man, "beti lako silitaki"? Utamwambia nini U-God, ambaye albamu ya kwanza aliikosa karibu yote kwa sababu ya jela? Yeye alikuwa anadai miaka minne ya kimya. Huo Black Shampoo mnaoucheka ni malipo ya deni.

---

Kaseti90

Dada Bi Mkasi, heshima yako. Hapo kwenye U-God umenifunga mdomo. Ila msikilizaji naye hakumkopa.

---

Mjukuu wa Dandora

Niaje wasee wa Bongo. Mimi niko Nairobi, nimekuwa nasoma tu kimya lakini hii imenitoa.

Huku kwetu Forever ilikuja na kitu kingine kabisa. Sisi hatukuwa tunapima nyimbo, tulikuwa tunapima wingi wa watu. Ile video ya Triumph, ya nyuki, vijana tisa na mshirika wao Cappadonna juu, kila mmoja na sauti yake, hakuna kiitikio cha kupumzikia. Mse mmoja akimaliza mwingine ameshafika. Mtaani kwetu hiyo ilisema kwamba unaweza kuwa wengi na msimezane. Dandora wakati huohuo ilikuwa na Kalamashaka, na baadaye ikaja Ukoo Flani Mau Mau, kundi ambalo hata kuhesabu watu wake ni kazi. Sisemi walimuiga mtu, hao walikuwa na yao ya kusema kuhusu jiji letu. Nasema sikio la mtaa lilikuwa tayari kusikiliza jeshi.

Kwa hivyo mzee wa kaseti, pale ulipoona sinia limejaa sana, mimi niliona sherehe.

Lakini sidanganyi, Wu-Revolution hata mimi naruka.

---

Mpemba Asilia

Assalaam aleykum. Hamuielewi Wu-Revolution kwa sababu hamjui wale wazee wanasema nini. Hayo ni mafundisho ya Five Percenters, jamaa waliojitenga na Nation of Islam, dini ya Wamarekani weusi, pale Harlem, 1964, chini ya Clarence 13X. Wao wanasema katika kila watu mia, 85 wako gizani, 10 wanaujua ukweli wakauficha wapate kula, na 5 wanaujua wakaufundisha. Ndiyo maana Wu-Tang wanaitana "God" kila sentensi mbili, ndiyo maana kuna wimbo unaitwa Older Gods. Kwa Muislamu wa kawaida kama mimi hayo ni mazito kuyasikiliza, astaghfirullah, lakini bila hayo Wu-Tang haipo. 36 Chambers iliyaficha ndani ya mistari ukayameza bila kujua. Forever iliyaweka mlangoni.

Mimi nasema kosa liko hapo tu, mlangoni. Mgeni unamkaribisha kwa kahawa na haluwa, huanzi na hotuba.

---

Kaseti90

Sheikh umelimaliza. Na kitu kingine kinachoendana na hicho: filamu za Kichina. Sisi tuliolelewa na vibanda vya video tuliingia Wu-Tang kwa mlango wa Shaolin. 36 Chambers unaisikia panga linalia, mtu anatamba, kisha ngoma inapiga. Ilikuwa kama filamu tuliyokwishaiona, imetafsiriwa upya na vijana wa Staten Island, New York. Forever hayo yamepungua sana, yamekuja vinanda, fidla na hotuba. Chumba cha mafunzo kimegeuka ukumbi wa mikutano.

---

dogo_2001

Shikamooni wazee wa kaseti.

Mimi hiyo albamu nimeijua kwa Drake. Ana wimbo wa 2013 unaitwa hivyohivyo Wu-Tang Forever, kachukua kipande cha It's Yourz. Nikaifuata asili yake nikaishia wimbo wa nne nikalala. Samahanini.

---

Chuma cha Mwanza

Marahaba. Dogo anastahili kufungiwa ID.

---

Bi Mkasi

Muacheni mtoto. Kulala wimbo wa nne ni maoni halali, na kumeandikwa vizuri kuliko mapitio mengi niliyosoma.

Dogo, fanya hivi. Weka For Heavens Sake, sikiliza ile sauti ya mwimbaji iliyoharakishwa mpaka ikawa kama ya mtoto. Halafu weka The Blueprint ya Jay-Z, 2001, zile biti za Kanye West na Just Blaze. Utaona mtindo uliowatajirisha watu umetoka kiwanda gani. Hapo ndipo ninapoumia na Forever mimi. Ina vitu vipya kuliko albamu ya kwanza. Prodyuza hakuwa RZA peke yake tena, wamo 4th Disciple na True Master, na Visionz biti ni ya Deck mwenyewe. Sauti imesafishwa, imepata upana. Ila ukitaka kuufikia utamu unapita kwenye mchanga mwingi.

---

Mtaa wa Saba

Mimi nakuja na swali la uchokozi. Kwani albamu ya pili ya kundi la rap ngumu ipi haikuleta huzuni? Black Moon, Enta da Stage 1993, moto. Ya pili imekuja 1999, War Zone, baada ya kugombana na kampuni, na dunia imeshahama. Onyx wamekuja na vipara vyao 1993 wanapiga kelele kila redio inacheza Slam, ya pili 1995 All We Got Iz Us, giza tupu, wanunuzi wakakimbia.

---

Chuma cha Mwanza

Tafadhali, Onyx usiwaguse. All We Got Iz Us ni bora kuliko ya kwanza kwa mbali. Ile ya kwanza ilikuwa na kelele za kurukia, ya pili ina hofu ya kweli. Wanunuzi kukimbia hakuifanyi albamu kuwa mbaya, kama ambavyo 612,000 hazikuifanya Forever kuwa nzuri... subiri. Nimejifunga mwenyewe.

---

Mtaa wa Saba

😂😂 Screenshot nimeshapiga.

---

Chuma cha Mwanza

Piga hata mbili. Na nakuongezea Mobb Deep kabisa. Juvenile Hell ya 1993 hakuna aliyeisikia, ya pili ni The Infamous, 1995. Albamu ya pili! Kwa hiyo nadharia yako ya laana ya albamu ya pili imelala. Ya kwanza ikifeli, ya pili unaandika ukiwa na njaa. Ya kwanza ikipaa, ya pili unaandika ukiwa na miadi.

---

Kaseti90

"Unaandika ukiwa na miadi." Chuma, hiyo nakuazima bila kurudisha.

Na ndivyo ilivyokuwa. Sehemu kubwa ya Forever RZA aliwahamisha New York akawapeleka Los Angeles wakarekodi kule, watulie, wasisumbuliwe na mitaa. Nilivyoelewa mimi, hilo lenyewe ni ushahidi. Kundi la 36 Chambers halikuhitaji kutolewa mtaani ili lirekodi, mtaa ndio uliokuwa unawasukuma studio. Wale walichanga dola mia mia kuilipia studio ya Protect Ya Neck. Mtu aliyetoa mia yake ya mwisho hapotezi dakika sita kuhubiri.

Na Los Angeles ya mapema 1997 haikuwa mahali pa kutulia. Machi 9 rapa Biggie wa New York ameuawa palepale. Unaisikia albamu imebeba uzito fulani, A Better Tomorrow, Little Ghetto Boys yenye sauti ya Donny Hathaway. Watu wazima wanaongea. Sikatai. Ila halafu wimbo unaofuata mtu anasimulia jambo lisilo kichwa wala miguu na uzito wote unamwagika.

---

Mjukuu wa Dandora

Na ODB, yaani Ol' Dirty Bastard, mmemsahau. Buda ndiye aliyenifanya nihisi kitu kimevunjika. 36 Chambers yeye ni kichaa anayejua saa. Shame on a Nigga ile ni nidhamu ya ajabu, unadhani anaanguka na anatua juu ya ngoma. Kwenye Forever yupo kwa vipande. Triumph yenyewe hana beti, anapiga kelele tu mwanzoni na katikati. Anapata ule wimbo wake mmoja, basi. Halafu Februari 1998 anapanda jukwaani kwenye tuzo za Grammy bila kuitwa, baada ya Forever kushindwa na No Way Out ya Puff Daddy, anawaambia watu Puffy ni mzuri lakini Wu-Tang ndio bora. Watu walicheka. Mimi nikiiangalia sasa sicheki. Ndiye pekee aliyesimama hadharani kuitetea hiyo albamu, na karibu hayumo.

---

Mpemba Asilia

Mwenyezi Mungu amsitiri. Alifariki Novemba 2004, siku mbili kabla hajatimiza miaka 36. Thelathini na sita, wallahi.

---

Bi Mkasi

Mpemba umenisimamisha nywele.

---

dogo_2001

Nimerudi. Nimeomba radhi kwa vitendo. Nimeipanga kama kaseti ya mwanzisha uzi. Nimetoa Wu-Revolution, nimetoa Intro, Maria, Black Shampoo, Second Coming na The Closing. Nimeanza na Triumph. Imebaki karibu dakika 90 kamili, jamaa wa kibandani alikuwa mchawi wa hesabu.

Wazee, nimesikiliza yote. Sikulala. The M.G.M. nimeirudia mara nne, wale wachanaji wawili wanavyopokezana mstari kwa mstari wakisimulia usiku wa ngumi, huyu anaona ulingo, yule anaona nani kakaa wapi. Hiyo mngenipa mwanzoni ningewaelewa.

Ila Maria kwa nini ilitolewa?

---

Kaseti90

Dogo, karibu nyumbani. Maria sijui, mdogo wangu. Nilikuja kuisikia 2004. Jamaa alikuwa anarekodi huku anauza soda, huenda alikwenda kumchukulia mtu chenji. Utaratibu wa nyimbo nao aliupanga alivyotaka. Miaka mingi nikisikia Bells of War inaisha, mkono wangu unataka kugeuza kaseti.

Na kile kitu cha kuweka kwenye kompyuta mnakikumbuka? Ile CD ilikuwa na programu ndani, unaingia kwenye jumba la Wu-Tang unatembea vyumbani. 1997 Temeke nzima tungeipata wapi kompyuta ya kuingilia jumba. Jamaa alikuwa anasema, "Humu ndani kuna nyumba," tukawa tunamuona mshirikina.

---

Mtaa wa Saba

Swali kwa mwanzisha uzi. Kaseti yenyewe bado unayo? Iweke picha.

---

Kaseti90

Sinayo. Mwaka 1999 nilimuazima jamaa mmoja wa darasa letu, siku mbili tu, alikuwa anahamia mkoani na wazazi wake. Nilikuwa nina kaseti nyingi lakini ile iliandikwa kwa wino mwekundu, WUTANG FOREVA, hivyohivyo bila nafasi. Siku mbili hizo bado hazijaisha.

---

Chuma cha Mwanza

Mkuu.

Hiyo kaseti, upande B, nyimbo zikiisha, kuna taarabu kama dakika mbili hivi ambayo haikufutwa?

---

Kaseti90

Chuma, hilo la taarabu sijalitaja popote kwenye huu uzi.

---

Chuma cha Mwanza

Njoo faragha.